Mgando Si Dawa ya Choo Kigumu: Ya Kufanya na ya Kutofanya kwa Wazazi wa Kasese na Bwera

Mtoto akimaliza siku nne hajaenda haja kubwa, kila mtu nyumbani anakuwa daktari. Nyanya analeta majani yake, jirani anashauri kipande cha sabuni, na mwenye duka la dawa anatoa kikopo kilichoandikwa kwamba kimejaa bakteria rafiki wa tumbo. Siku hizi kikopo ndicho kinachoshinda. Kina maandishi ya kitaalamu, na mzazi aliyetoka kununua kitu cha kisayansi hulala akiamini ametimiza wajibu.

Orodha hii ina msimamo mmoja. Bakteria hao wapo kweli, na maziwa ya mgando ni chakula kizuri. Lakini hakuna ushahidi wa kutosha kwamba wanamfungulia mtoto choo, na muda unaopotea mkiwasubiri ndio unaoumiza.

Wanaoitwa probiotiki ni vijidudu hai ambavyo, vikitumiwa kwa kiasi cha kutosha, vinamfaidi anayevitumia. Ndivyo FAO na WHO walivyoeleza mwaka 2001. Uganda si mgeni wa jambo hili. Shirika la Yoba for Life, lenye asili ya Uholanzi, limewawezesha wasindikaji wadogo wa magharibi mwa nchi kutengeneza yogati yenye bakteria aitwaye Lactobacillus rhamnosus yoba 2012. Huyo ni yule yule LGG maarufu duniani, aliyepewa herufi za watafiti wawili wa Marekani, Gorbach na Goldin. Hataza yake ilipokwisha, wengine wakaruhusiwa kumzalisha kwa bei nafuu. Ni kazi ya kupongezwa.

Sasa sikiliza upande wa pili. Mwaka 2005 watafiti wa Poland walichapisha jaribio la LGG kwa watoto 84 wenye choo kigumu, umri miaka 2 hadi 16. Wote walipewa dawa ya kulainisha choo, laktulosi, kwa wiki 12. Nusu waliongezewa LGG, nusu waliongezewa kitu kisicho na bakteria. LGG hakuongeza chochote. Mwaka 2011 likatoka jaribio jingine, la watoto 159 wa Uholanzi na Poland, kwa maziwa yenye bakteria wa jamii nyingine. Makundi yote mawili yalipata nafuu kidogo, na tofauti kati yao haikuwa ya maana. Kuna la Italia la mwaka 2010, la watoto wachanga 44, ambapo Lactobacillus reuteri iliongeza idadi ya safari za chooni lakini haikulainisha choo chenyewe. Mwaka 2014 vyama vya madaktari wa matumbo ya watoto vya Ulaya na Amerika Kaskazini vilikubaliana kutopendekeza probiotiki kwa tatizo hili. Mapitio makubwa ya Cochrane ya mwaka 2022 nayo yakasema ushahidi hautoshi.

Hilo la makundi yote mawili kupata nafuu lishike vizuri. Mtoto anayeangaliwa kwa karibu mara nyingi hupata nafuu, na kikopo kilichokuwa mezani siku hiyo ndicho hupewa sifa.

YA KUFANYA

1. Hakikisha kwanza kwamba mtoto amefunga choo kweli. Mtoto anayenyonya maziwa ya mama peke yake anaweza kupitisha wiki nzima bila haja kubwa, kisha akatoa choo laini, akacheka na kunyonya tena. Huyo hana ugonjwa. Kwa mtoto mkubwa, dalili ni hizi: haja mara mbili au pungufu kwa wiki, choo kigumu chenye maumivu, bonge kubwa kupita umri wake, au kuchafua nguo wakati alishajua choo. Tazama choo chenyewe. Kuhesabu siku peke yake hakutoshi.

2. Mtazame anapojizuia. Anajificha nyuma ya mlango. Anasimama kwa ncha za vidole, anapishanisha miguu, anabana matako, anashika kiti kwa mikono miwili huku jasho likimtoka puani. Mama anasema, "Maskini, anasukuma." Hasukumi, anazuia. Haja ya juzi ilimuuma, naye ameapa haitamuuma tena. Choo kinachobaki ndani kinazidi kunyonywa maji na utumbo, kinakuwa kigumu zaidi, na kikija kutoka kinauma kuliko cha kwanza. Mzunguko huo ndio ugonjwa wenyewe kwa watoto wengi. Unakatwa kwa kulainisha choo kwa muda mrefu mpaka mtoto asahau maumivu, na bakteria wa kwenye kikopo hawana uwezo huo.

3. Mpeleke kwa mhudumu wa afya kabla ya kununua chochote. Anza na VHT, timu ya afya ya kijiji chako, au kituo cha afya kilicho karibu. Wao ndio watakaokutuma Hospitali ya Bwera, Kagando au Kilembe ikihitajika. Uliza waziwazi kuhusu dawa ya kulainisha choo. Inayopendekezwa kwanza kimataifa ni unga wa polietilini glikoli unaoyeyushwa kwenye maji. Usipopatikana, laktulosi hufanya kazi. Dozi hupangwa kwa uzito wa mtoto, kwa hiyo apimwe uzito, asikisiwe.

4. Maliza tiba. Hapa ndipo wazazi wengi wanapoharibu. Choo kinatoka vizuri siku ya tano, chupa inawekwa juu ya kabati, na baada ya wiki tatu mtoto yuko tena nyuma ya mlango. Dawa ya kulainisha hutumika angalau miezi miwili, kisha hupunguzwa polepole baada ya mtoto kukaa mwezi mzima bila dalili. Haiuzoeshi utumbo uvivu kama inavyosemwa vibarazani.

5. Mpangie saa ya choo. Baada ya chakula utumbo huamka wenyewe, kwa hiyo mkalishe dakika tano hadi kumi baada ya kifungua kinywa na baada ya chakula cha jioni, kila siku, hata kama hataki. Mtoto mdogo anaogopa tundu la choo cha shimo, na ana haki ya kuogopa: giza, nzi, na nafasi pana kuliko kiuno chake. Mnunulie poti au beseni dogo imara, nyayo zake zikanyage chini. Msifu kwa kukaa, hata asipotoa kitu.

6. Rekebisha sahani. Bundu, yaani ugali wa muhogo, kwa mchuzi mtupu, asubuhi chai na mandazi, jioni bundu tena: chakula cha namna hiyo kina nyuzi chache. Wilaya hii haina udhuru. Kuna maharage, sombe, maboga, parachichi, mapapai, na pasheni zinazojaza malori kwenda Kampala. Mpe mtoto pasheni na mbegu zake. Mpe maji safi ya kunywa mara kwa mara, hasa Kasese mjini, bondeni, ambako joto linakausha mwili kabla ya saa sita mchana. Kiasi cha kawaida kinatosha. Kumshindilia nyuzi au kumnywesha maji kwa nguvu hakuharakishi kitu.

7. Mpe mgando kama chakula. Aliyetimiza miezi sita na kuanza vyakula vingine anaweza kupewa maziwa ya mgando yaliyotengenezwa kwa usafi, kidogo kidogo, bila sukari. Yana protini na kalsiamu, na watoto wengine ambao tumbo huwasumbua kwa maziwa yasiyogandishwa huyavumilia. Hiyo ni sababu tosha ya kuyanunua. Usiyatwishe kazi ya dawa.

8. Soma jina kamili kwenye kikopo. Bakteria ana majina matatu: jenasi, spishi, na namba au herufi za kabila lake. Kikopo kinachosema "Lactobacillus" tu kimekuambia sawa na aliyeita "Baluku!" katikati ya soko la Mpondwe: watageuka wote waliopewa jina hilo kwa kuwa wavulana wa pili kuzaliwa. Utafiti hufanywa kwa kabila moja mahususi, na matokeo yake hayahamii kwa ndugu zake. Tazama pia idadi ya bakteria hai, tarehe ya kuisha, na joto la kuhifadhia. Bidhaa zinazovuka mpaka kutoka Kasindi, upande wa Kongo, zina maandishi ya Kifaransa. Kama huyaelewi na muuzaji haelewi, rudisha kikopo rafuni.

9. Ukitaka kujaribu, jaribu kwa nidhamu. Probiotiki iwe juu ya dawa aliyoandikiwa mtoto, isichukue nafasi yake. Mweleze mhudumu wa afya. Weka alama kwenye kalenda ya ukutani kila siku anapokwenda haja, na uandike kama ilikuwa ngumu au laini. Wiki nne zikipita na kalenda haijabadilika, acha kununua. Pesa hiyo ni ya mapapai.

10. Mwalimu, fungua mlango. Mtoto anayejizuia kuanzia saa moja asubuhi mpaka saa kumi jioni kwa sababu choo cha shule hakina kitasa, au kwa sababu ruhusa hutolewa kwa kejeli mbele ya darasa, atafunga choo hata akilishwa mgando asubuhi na jioni. Ruhusa ya kwenda chooni isiwe zawadi, na vyoo vya wasichana viwe na faragha. Kamati ya wazazi ikague vyoo kabla ya kukagua matokeo ya mitihani.

YA KUTOFANYA

1. Usimpe mtoto wa chini ya miezi sita mgando, maji, chai wala mchuzi wa majani. Maziwa ya mama yanamtosha. Kama anatumia maziwa ya kopo, fuata kipimo kilichoandikwa; unga ukizidi maji, choo kinakuwa kigumu, na wengi wanaozidisha hufanya hivyo kwa upendo.

2. Usimlambishe asali mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja, hata kama imetoka mlimani Rwenzori na imerinwa mbele ya macho yako. Asali inaweza kubeba mbegu za bakteria wa botulizimu, ambao hutoa sumu ndani ya utumbo mchanga wa mtoto. Dalili ya kwanza mara nyingi ni huko huko kufunga choo, kisha kope zinalegea, kilio kinadhoofika, na kupumua kunakuwa kwa shida. Unamtibu choo kwa kitu kinachoweza kumfunga zaidi na kumuua.

3. Usimpige bomba la majani. Mpira wa kusukumia dawa za kienyeji nyuma ya mtoto umeingia nyumba nyingi, na baadhi yake hupitishwa kutoka mtoto hadi mtoto kwa kusuuzwa tu. Majani hayo hayana kipimo, mengine huunguza utumbo, na ncha ya mpira inaweza kuutoboa. Sabuni nayo huchubua ngozi laini ya ndani. Hata ikimtoa choo leo, imemfundisha kuogopa kila kinachokaribia sehemu hiyo, na kesho atajizuia mara mbili.

4. Usimkatie nusu ya kidonge cha kuharisha cha mtu mzima. Mtoto si nusu ya mtu mzima. Vidonge hivyo humletea msokoto wa tumbo, na akiharisha sana hukaukiwa maji haraka kuliko wewe.

5. Usipike bakteria unaowalipia. Ukichemsha mgando, au ukimimina unga wa probiotiki kwenye uji unaotokota, umewaua kabla hawajafika mdomoni. Yogati iliyopashwa moto baada ya kugandishwa ili ikae muda mrefu rafuni haina hai hata mmoja. Kikopo kilichoandikwa kikae mahali pa baridi, kisha kikashinda dirishani juani Kasese mjini, usikilipie bei kamili, usikilipie kabisa.

6. Usinunue mgando usiojua ulikotoka. Utazame pale kituo cha magari: vimfuko vya kavera vimefungwa fundo, vimepangwa kwenye sanduku ambalo barafu yake imekuwa maji tangu asubuhi, na muuzaji anapokea noti na kufunga fundo kwa mkono ule ule. Muulize kama maziwa yalichemshwa kabla ya kugandishwa. Akisita, ondoka. Maziwa mabichi hubeba bruseloza na kifua kikuu cha ng'ombe, na kuganda peke yake hakuwaondoi wadudu hao. Kwenye bidhaa ya kiwandani tafuta alama ya ubora ya UNBS, shirika la viwango la Uganda, na tarehe.

7. Usidhani maziwa yakiongezwa choo kitalainika. Kwa watoto wengine maziwa mengi ya ng'ombe ndiyo yanayofunga choo: yanajaza tumbo, na sahani yenye maharage inarudi jikoni haijaguswa. Maziwa ya ng'ombe yasiwe kinywaji kikuu cha mtoto kabla ya mwaka mmoja. Baada ya hapo vikombe viwili kwa siku, mgando ukiwemo, vinatosha.

8. Usimchape anayechafua kaptula. Bonge gumu likiziba njia, choo cha majimaji hupita pembeni yake na kuvuja bila mtoto kuhisi. Mama anaona doa jioni anapofua, anasema mtoto anaharisha, anamtafutia dawa ya kufunga tumbo. Hapo amefunga lililokwishafungwa. Mtoto naye amepigwa kwa jambo ambalo misuli yake haikumtii. Doa la kila siku kwenye nguo ya mtoto wa miaka mitano au sita ni sababu ya kumpeleka kituo cha afya, na fimbo ibaki ilipo.

9. Usimpe probiotiki mtoto njiti, mwenye utapiamlo mkali, au ambaye kinga yake imeshuka kwa VVU au kwa dawa, pasipo idhini ya daktari. Vijidudu hivi ni hai, na kwa mwili dhaifu vinaweza kuingia kwenye damu. Mwaka 2023 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo juu ya kuwapa watoto njiti bidhaa hizi, baada ya kifo cha mmoja wao.

10. Usimwachishe mtoto dawa ya kuongeza damu kwa sababu choo kimekuwa kigumu na cheusi. Madini ya chuma hufanya hivyo kwa baadhi ya watoto. Mweleze aliyeiandika, atabadilisha dozi au ataongeza dawa ya kulainisha. Upungufu wa damu hausubiri choo kitengemae.

11. Usibishane na nyanya mbele ya mtoto. Mheshimu, mketishe, mweleze kwa upole kwamba bomba limekatazwa na daktari, kisha mkabidhi kazi ambayo ataifanya vizuri kuliko yeyote nyumbani: kumkalisha mjukuu kwenye poti baada ya chakula na kumsimulia hadithi mpaka dakika kumi ziishe.

DALILI ZA KUKIMBILIA HOSPITALI

Zifuatazo hazina mgando, hazina kikopo, hazina "tuone mpaka kesho":

Mtoto mchanga aliyepitisha saa 48 tangu azaliwe bila kutoa choo cha kwanza cheusi. Huenda sehemu ya utumbo wake imezaliwa bila neva, na tiba yake ni upasuaji.

Kutapika nyongo ya kijani, au tumbo lililovimba na kukaza.

Damu kwenye choo. Mchirizi mdogo juu ya choo kigumu mara nyingi ni mpasuko wa ngozi, lakini aamue mhudumu, usiamue wewe.

Mtoto anayekonda au asiyekua, au miguu inayolegea pamoja na kufunga choo.

Homa pamoja na tumbo linalouma, awe amefunga choo au anaharisha. Hili wilaya hii imelilipia. Kati ya Desemba 2007 na Julai 2009, homa ya matumbo ilienea Kasese. Waliorekodiwa kuugua walikuwa 577, waliotoboka utumbo 249, na waliokufa 47. Homa ya matumbo inaweza kuanza kwa kufunga choo, na utumbo uliodhoofishwa nayo hautakiwi kusukumwa kwa bomba wala kuharishwa kwa vidonge. Hospitali watampima damu, watampa antibiotiki, na kama utumbo umetoboka watamfanyia upasuaji. Kila saa inayopita nyumbani inapunguza uwezekano wa yeye kupona.

Ukiiona dalili yoyote kati ya hizo, ita boda sasa hivi. Chukua kadi ya kliniki ya mtoto na orodha ya kila alichopewa nyumbani, majani yakiwemo, na usimfiche daktari hata kimoja kwa aibu.